Siku Kina Mama Walipomwombea Chuma

Enzi zetu pale mtaa wa Mbotela, Nairobi, mwanamuziki hakuwa na jina. Alikuwa na sauti tu, na sauti yenyewe ilitoka kwenye katoni ya kaseti ambayo jirani yetu, mpishi wa Wazungu fulani huko Lavington, aliachiwa na waajiri wake walipofunga virago kurudi kwao. Yeye alikuwa na haja na katoni, aweke viazi. Kaseti akampa kaka yangu Barasa, aliyekuwa kidato cha pili. Mimi, Nekesa, nilikuwa darasa la saba, na nikawa mshirika wake kwa sababu nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na pazia. Haikuwezekana mtu kusikiliza kitu peke yake.

Karatasi za kaseti zile zilikuwa zimeloa na kuchanika, maandishi yote yamefutika. Kwa hiyo majina tuliwapa sisi. Kulikuwa na Mzee Koo, aliyeimba kama mtu aliyemeza mchanga. Kulikuwa na Mapacha, wapiga gitaa wawili waliojibizana kama majirani wanaogombania kamba ya kuanikia nguo. Na kulikuwa na Dada Machozi, kipenzi changu, mwenye sauti nyembamba ya kusikitisha, ambaye nilimpenda kwa miaka minne na kumwombea kila usiku apate mume mwema. Nilipokuja kuiona picha yake, tayari nikiwa mtu mzima, Dada Machozi alikuwa jibaba lenye ndevu hadi kifuani. Sikumbadilisha jina.

Maneno yao hatukuyaelewa, lakini hilo halikutuzuia kuimba. Barasa aliapa kwamba katika wimbo mmoja Mzee Koo alikuwa akisema "mama epua sufuria, nyama inaungua", na ukiusikiliza wimbo huo saa moja jioni kabla ya ugali kuiva, kweli ndivyo alivyosema. Watoto wa siku hizi nikiwasimulia huniuliza kwa nini hatukutafuta jina la mwimbaji kwenye simu. Simu ilikuwako, moja, kwenye kibanda karibu na Jogoo Road, na mkono wake wa kuongelea ulikuwa umenyofolewa.

Betri zilipochoka tulizianika juani juu ya ukuta wa bomba la maji, zimepangwa kama dagaa, na mtoto mmoja akawekwa kuzilinda huku wenzake wakicheza michezo ya kati na bano. Utepe wa kaseti ulipofika mwisho tuliurudisha kwa kalamu ili kuokoa nguvu za betri. Nilikuwa na kidole kilichoota sugu kwa ajili ya Mapacha. Leo mtoto akisubiri wimbo kwa sekunde tatu anauliza kama mtandao umekufa.

Baba alikuwa fundi wa injini za garimoshi. Akitoka kazini aliweka miguu kwenye karai la maji ya moto na kusikiliza kaseti zetu kwa makini sana, akiwa ameinamisha kichwa. Mzee Koo akiingia, Baba alisema, "Injekta imeziba." Mapacha wakianza kujibizana, alisema, "Hao hawajatiwa grisi." Nadhani alikuwa mzazi pekee wa Mbotela aliyependa roki, na aliipenda kama daktari anavyopenda kikohozi kigumu.

Mama alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani, mwanamke mrefu kutoka Bungoma mwenye viganja vipana, na sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza: "Mimi si mama wa mtaa, ni mama wenu." Ya pili: "Mkiniona nimenyamaza, msidhani nimekubali."

Halafu Barasa akaleta nyumbani kaseti ya Kutu.

Kutu walikuwa watu wetu. Walitoka kwenye karakana za jua kali za Kariobangi na walikuwa watatu: Kengele aliyeimba, mpiga ngoma mmoja mnene ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno, na Chuma. Chuma alikuwa fundi wa kuchomelea. Gitaa lake alilitengeneza mwenyewe kwa mlango wa kabati, na amplifaya yake aliifunga ndani ya friji iliyokufa. Akitaka sauti ipande, alifungua mlango wa friji. Akitaka ishuke, aliufunga kwa goti. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na wanamuziki wenye majina, tena walioishi mahali ambapo basi lilifika.

Wimbo wao niliougua ulikuwa "Msumari". Ulianza polepole, kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Kengele aliimba habari za mtu aliyechomwa na msumari ndani ya kiatu lakini haondoi msumari kwa sababu kiatu si chake. Kisha Chuma aliingia na gitaa. Gitaa lilipanda, likapanda tena, likafika mahali ambapo nywele za mikono yangu zilisimama, na hapo, kwenye kilele kabisa, kulikuwa na mlio mdogo, tak, na sauti ya mwanamume ikasema kwamba mvua inatarajiwa Kakamega, Bungoma na maeneo jirani. Aliyenakili kaseti ile alikuwa amerekodi juu yake utabiri wa hali ya hewa.

Hakukuwa na nakala nyingine. Wimbo ule ulikuwa umekatwa katikati, na mimi nilikuwa mtoto wa kutaka kujua mambo yaliishaje. Barasa alisema gitaa lilishuka taratibu hadi likalala. Mimi nilisema haiwezekani, ngoma ndiyo iliyomaliza. Tulibishana mpaka tukamwendea Baba, naye akasikiliza mara mbili, akasema injini inayopanda namna ile huishia stesheni au nje ya reli, hakuna cha tatu. Nilikuwa nalala nikiufuata wimbo kichwani hadi ukingoni na kuanguka. Nilitaka jambo moja tu duniani, nalo lilikuwa kuusikia "Msumari" hadi mwisho.

Kwa hiyo mnaweza kufikiria nilivyojisikia tangazo lilipobandikwa kwenye nguzo ya stima kwamba Kutu watapiga Jumamosi saa nane mchana, katika ukumbi wa mtaa, Kariobangi.

Tatizo lilikuwa Mama, na tatizo la Mama lilikuwa neno. Siku zile ilisemwa kwamba roki ni muziki wa shetani. Ilisemwa kanisani, ikasemwa shuleni, ikasemwa kwenye foleni ya maji. Ilisemwa kwamba ukiicheza kaseti ya roki kinyumenyume utasikia ukiitwa kwa jina la ubatizo. Sisi tulijaribu. Tulichosikia ni redio ikimeza kaseti.

Jumatatu jioni Mama alikuwa akikata sukuma, na sisi tulikuwa tumeweka Kutu kwa sauti ya chini. Kisu kikasimama.

"Barasa."

"Naam, Mama."

"Hiyo kelele ni roki?"

Nilimtazama kaka yangu. Muhula ule alikuwa ameshinda zawadi ya Kiswahili, na mwalimu wao alikuwa akiwasisitizia kila siku waache Sheng na Kiingereza cha kuokota, watumie Kiswahili sanifu. Labda ndiyo sababu.

"Hapana, Mama," alisema. "Hii ni mwamba."

Nataka niliandike hili kwa haki: kaka yangu hakudanganya. Alitafsiri.

Mama aliweka kisu chini kabisa. "Mwamba?"

"Muziki wa mwamba. Hata kuna… kuna mkutano wao Jumamosi. Kariobangi."

"Wa vijana?"

"Wa vijana, Mama."

"Na hao wanaoimba wanaitwaje?"

"Kutu."

Mama alifikiri. Nilimwona akilipima jina lile kwa uzito. "Kutu imo kwenye Maandiko," akasema mwishowe. "Pamoja na nondo. Ni jina la unyenyekevu." Akachukua kisu, akaendelea na sukuma, na baada ya muda nikasikia anafuatisha wimbo kwa kutikisa kichwa. Baba aliinua miguu kutoka kwenye karai na kuangalia ukuta.

Siku tatu tulitembea hewani. Alhamisi Mama akarudi kutoka kwenye ushirika akiwa na furaha.

"Nimetangaza," alisema. "Tunakuja wote."

"Wote nani, Mama?"

"Kina mama. Vijana wakijitokeza kumwimbia Mwamba wakiwa peke yao bila mzazi hata mmoja, hiyo ni aibu kwa wazazi."

Barasa alinivuta nyuma ya vyoo, mahali tulipofanyia vikao vyote vizito.

"Siz, tumekwisha."

"Mwambie ukweli."

"Nikimwambia ukweli, hakuna shoo, hakuna kaseti, hakuna redio. Wewe unataka kusikia mwisho wa 'Msumari' ama hutaki?"

Nilitaka.

Jumamosi walikuja kumi na wanne. Gauni la buluu, kitambaa cheupe kichwani, kiatu cheusi kilichong'aa. Wawili walibeba kayamba, kwa kuwa huenda wenyeji hawakuwa na vyombo. Tulipofika Kariobangi, vijana waliokuwa wamesimama nje ya ukumbi walituona tukitokea kwenye vibanda vya mitumba na wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, kama taa zinazozimwa. Mlangoni palikuwa na bawabu mwenye shingo pana.

"Mama, hii ni shoo," alijaribu.

"Tumealikwa," Mama akasema, akapita, na wengine kumi na watatu wakapita nyuma yake. Bawabu aliangalia tiketi zilizokuwa mkononi mwake kama mtu aliyesahau ni za nini.

Walikaa mbele, benchi mbili kamili, vibeti mapajani. Nyuma yao ukumbi ulijaa vijana waliovaa nyeusi chini ya paa la mabati lililowaka kama kikaango. Mmoja alikuwa amejipaka dawa ya viatu machoni na sasa ilikuwa imeshuka hadi kidevuni. Mwingine alikuwa amevaa koti zito la baridi, la mama yake bila shaka, na alikuwa karibu kuzimia, lakini hakulivua. Roki ilikuwa na gharama zake.

Nyuma tu ya Mama Truphena, rafiki mkubwa wa Mama na fundi cherehani wa Mbotela nzima, alisimama kijana mwenye jinzi zilizochanika magotini. Mama Truphena aligeuka, akamtazama kwa huruma.

"Kijana, ulianguka wapi?"

"Sijaanguka, mathe. Ni staili."

"Staili ya kuanguka?"

"Hapana, ni kupasua tu."

"Umepasua mwenyewe? Kwenu kuna shida gani?" Hakungoja jibu. Alikuwa na sindano yenye uzi imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa, kama kawaida yake, na alikuwa ameshamshika mguu. "Simama hapa. Usikunje goti."

Kabla bendi haijapanda jukwaani, magoti yote mawili yalikuwa yamezibwa kwa mshono safi.

"Msee, umeshonwa," mwenzake akamwambia.

"Ningefanya nini? Alinishika mguu."

Mimi na Barasa tulikuwa tumeshapita kando ya jukwaa hadi nyuma ya pazia. Hapo ndipo nilipomwona Chuma kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameketi juu ya friji yake, mwembamba kama waya, mikono imejaa makovu madogo ya cheche. Nilikuwa nimeandaa sentensi ya kumwambia na yote ikapotea. Barasa ndiye aliyeongea.

"Niaje. Tafadhali, kuna mathe wetu hapo mbele na marafiki zake. Msiseme roki. Semeni mwamba."

"Mwamba ni nini?" Kengele akauliza.

"Ni roki, lakini kwa Kiswahili."

Kengele alianza kucheka. Chuma alisogeza pazia kidogo, akachungulia, akalirudisha polepole sana.

"Hiyo ni yunifomu ya mathe yangu," alisema. "Kengele, leo hatusemi roki."

Kwa hiyo Kengele alipopanda jukwaani, akainua ngumi na kuuliza ukumbi kama uko tayari, neno alilolitupa lilikuwa mwamba. Vijana waliguna. Lakini kabla hawajaamua la kufanya, benchi mbili za mbele zilisimama kwa pamoja na kumjibu, Mwamba, kwa sauti ya wanawake waliozoea kuimba bila kipaza sauti. Kengele alirudi nyuma hatua moja. Akajaribu tena. Safari hii ukumbi mzima ulijibu, ngumi juu, na tangu hapo mashabiki wa Kutu hawakulitumia tena lile neno jingine. Nilisikia miaka kadhaa baadaye vijana wa Kayole wakijiita watu wa mwamba, na hawakujua kwamba walikuwa wakimnukuu kaka yangu aliyekuwa akimwogopa mama yake.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri kuliko nilivyotumaini. Kina mama walitikisa kayamba pale ilipowezekana. Mama Truphena alilalamika kwamba mhubiri hajafika bado. Mama mwenyewe alisikiliza kwa heshima, akinong'ona kwa jirani yake kwamba vijana wana nguvu ila matamshi yao hayasikiki. Nilikuwa nimesimama mwisho wa benchi yao.

Kisha mpiga ngoma akaanza kubisha hodi bila haraka. "Msumari".

Nilikijua kila kipande cha wimbo ule kama njia ya kwenda shuleni. Kengele aliimba habari za kiatu. Chuma akaufungua mlango wa friji kwa kisigino, ukafunguka wote, na gitaa likaanza kupanda. Lilipanda pale nilipopajua, likapanda tena pale nilipopajua, likafika kileleni, mahali pa ule mlio mdogo. Mwili wangu ulikuwa umezoea kusikia habari za mvua, na mvua haikuja. Gitaa lilipita. Nilikuwa nimevuka. Nilikuwa mahali ambapo sijawahi kufika.

Hapo Chuma akaanguka.

Alianguka kwa magoti kwanza, halafu chali, gitaa juu ya tumbo, macho yamegeuka meupe, miguu ikipiga mbao za jukwaa. Kwa shabiki yeyote wa roki hilo ni jambo la furaha. Lakini kwa mwenyekiti wa kina mama, kijana anayeanguka chali na kutetemeka macho yakiwa meupe ana maana moja tu, na kuna hatua zinazofuatwa.

Mama aliweka kibeti chake chini ya benchi.

"Kina mama," alisema kwa utulivu, "twendeni."

Walipanda jukwaani kwa mstari. Wakamzunguka, wakapiga magoti, mikono kumi na minne ikamshukia kichwani, mabegani na kwenye vifundo vya miguu, na wakaanza kuomba, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kibukusu, kila mmoja kwa sauti yake. Chuma alifungua macho akaona duara la buluu na nyeupe juu yake. Ninaapa nilimwona akifikiria kuacha. Lakini mpiga ngoma hakuacha, na vidole vya Chuma vilikuwa vimezoea kumfuata mpiga ngoma. Akaendelea. Kina mama waliposikia gitaa likiongeza kasi walielewa kwamba wanapingwa, wakaongeza maombi. Chuma aliposikia maombi yakipanda, akapanda nayo. Kengele hakujua la kufanya, akashika kayamba moja na kuanza kutikisa. Nyuma yetu ukumbi ulikuwa umepagawa. Yule wa koti zito alikuwa amelivua hatimaye na alikuwa analizungusha hewani. Hakuna aliyewahi kuona shoo kama ile.

Na mimi nilikuwa nikisikiliza. Chini ya sauti zote zile nilikuwa nimeshika mlio wa gitaa kama mtu anayeshika uzi gizani, kwa sababu ulikuwa umeanza kugeuka. Ulikuwa unaelekea mahali. Baba aliyesema stesheni au nje ya reli angejua. Mimi nilihisi tu kwamba bado kidogo, bado kidogo sana.

Mama akanyoosha kiganja chake kipana, akakiweka juu ya nyuzi zote kwa pamoja, taratibu, kama anavyotuliza mtoto mwenye homa, na kusema, "Amina."

Vijana wale walipiga makofi ambayo sijayasikia tena popote. Chuma aliketi. Mama akampangusa jasho usoni kwa leso yake, akamuuliza anajisikiaje, naye akasema, "Vizuri, Mama, asante."

Nililia njia nzima hadi nyumbani. Mama aliniweka ubavuni kwenye kiti cha basi na kunikumbatia. "Wewe pia umeguswa," alisema. Barasa alinikanyaga mguu. Kusema ukweli kungemaliza kaseti zote, kwa hiyo nikasema ndiyo, nimeguswa.

Jumapili iliyofuata, tukiwa kwenye chapati, hodi ilibishwa polepole. Alikuwa mpiga ngoma, amevaa shati la kanisani. Kumbe aliweza kuongea.

"Mama, shikamoo. Nimetumwa kuuliza kama mko huru Jumamosi."

Mama alisimama na mwiko mkononi. "Pepo limemrudia?"

Mpiga ngoma alimtazama Baba. Baba aliitazama chapati yake. "Kidogo," mpiga ngoma akasema.

"Hayo mambo huwa hayaishi siku moja," Mama akasema, na akachukua kitambaa chake kukifua.

Walikwenda mara tatu. Mara ya pili watu walisimama hadi nje kwenye vibanda, na ilijulikana wazi kwamba hawakuja kwa ajili ya Kutu peke yao. Mama Truphena alikuwa amejipanga na sindano tatu, na palikuwa na vijana waliokuja na suruali mkononi. Kila mara Chuma alianguka, kila mara kina mama walipanda, na kila mara kiganja kilishuka juu ya nyuzi kabla ya mwisho, mara moja mapema, mara moja kikichelewa kiasi kwamba nilisikia labda sauti nne zaidi. Nilizihifadhi sauti zile nne kwa miaka. Mara ya tatu Mama alimwinua Chuma kwa mkono, akamtazama machoni, na kutangaza mbele ya ukumbi mzima kwamba sasa amepona, na mtu aliyepona hupiga gitaa akiwa amesimama. Naye akasimama. Baada ya hapo aliona haya kuanguka, kwani kama angeanguka ingekuwa ni kusema kwamba maombi ya kina mama hayakufaa. Watu wakapungua. Kengele akahamia Eldoret, mpiga ngoma akapata kazi kiwandani, na Kutu ikaisha kama bendi zinavyoisha, bila mtu kutangaza.

Mwaka jana nilitafuta fundi wa kunitengenezea geti la ploti, Kayole, na nikaelekezwa kwenye karakana moja kando ya Spine Road. Mzee mwembamba aliinua miwani ya kuchomelea. Makovu ya mikononi nikayatambua kabla ya uso. Nilipomwambia mimi ni mtoto wa nani alizima mashine na kuniletea kiti.

Tulizungumza habari za geti. Kisha nikamuuliza. Nilijisikia mjinga, mama mtu mzima, lakini nilimuuliza: "Msumari" uliishaje?

"Uliishaje vipi?"

"Mwisho wake. Ule wa kweli. Sijawahi kuusikia."

Alikwaruza kutu kwenye bomba kwa ukucha. "Haukuwa na mwisho," alisema. "Tulikuwa tunapiga tu mpaka stima ikatike ama vidole vichoke. Mathe yako ndiye aliuletea mwisho. Tena sisi tukashukuru, kwa sababu hatukujua ungetokaje pale."

Akauliza kama Mama bado yuko. Nikamwambia yuko, Bungoma, macho yamepungua lakini sauti bado.

"Mwambie nilipona," alisema. Akashusha miwani, na kabla hajawasha mashine akaongeza, "Hiyo ndiyo ilikuwa shida."

Siku hizi bado nakwenda kwenye shoo za roki. Nairobi zipo, nzuri, zenye taa za rangi na spika ambazo hazikuwahi kuwa friji. Tiketi iko kwenye simu, na jinzi huuzwa zikiwa zimechanika tayari, bei juu. Wanangu wanajua majina ya wanamuziki wote, majina ya watoto wao na chakula wasichokipenda, na wanajua wimbo una dakika ngapi na sekunde ngapi hata kabla haujaanza. Mpiga gitaa akianguka chali, watu elfu wanainua simu kumrekodi, na hakuna hata mmoja anayefikiri kwamba labda mtoto wa watu ana shida. Bendi inamaliza pale ilipopanga kumaliza. Taa zinawashwa, vijana wanaelekea mlangoni huku wakijitazama kwenye video, na wanangu wananivuta mkono wakisema twende, imeisha. Nami nakaa kidogo kwenye kiti changu, kwa sababu hakuna aliyesema Amina.